Miaka Sita Mtaani Pasua

Saa kumi na mbili na robo asubuhi mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, anatoka nyumbani na noti ya shilingi elfu mbili, bakuli lenye mfuniko na chupa iliyooshwa vizuri. Anakwenda kununua maandazi kwa mama anayekaanga nyumba ya nne kutoka kwetu, kisha avuke njia ya vumbi akachukue nusu lita ya maziwa kwa jirani anayefuga ng'ombe wawili uani. Mimi nabaki mlangoni na kanga begani. Simwoni, maana ukuta wa jirani unamkinga, lakini najua alipo hatua kwa hatua. "Shikamoo babu." Hapo amefika kwa fundi baiskeli. "Shikamoo mama." Hapo yuko kwenye maandazi. Kimya kidogo, halafu namsikia mwenye ng'ombe akimuuliza kama dada yake amepona mafua. Anarudi chai haijachemka. Ukitazama kaskazini saa hizo, Kibo ya Mlima Kilimanjaro iko wazi juu ya mapaa ya bati, nyeupe kileleni. Saa nne ikifika, mawingu yameshaifunika mpaka jioni.

Wenzangu niliowaacha Dar es Salaam huniuliza maswali yaleyale kila wanaposikia tunaishi Moshi. Shule iko mbali? Hospitali je? Maji yanatoka? Nawajibu kwamba vyote vipo, na vingi naviendea kwa miguu. Ni kweli. Lakini vyote hivyo vilikuwepo tangu siku ya kwanza tuliposhusha vyombo, na bado nilikaa karibu mwaka mzima na upweke ambao sikuwahi kuujua. Ndiyo maana nimetaka kulieleza jambo hili lote, siyo ile sehemu ya umbali wa shule tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Muheza. Niliolewa Dar, tukaishi Kimara. Binti yetu alipotimiza miaka minne tulimwandikisha shule ya awali, na gari la shule likawa linampitia saa kumi na moja alfajiri, kabla hata hakujakucha. Nilikuwa namvalisha viatu akiwa bado amelala. Baba yake alitoka kabla ya hapo ili awahi foleni, akarudi saa tatu au saa nne usiku. Zilipita wiki nzima mtoto hajamwona baba yake macho kwa macho isipokuwa Jumapili. Dar si mji mbaya, na nina watu wangu wengi pale ninaowapenda. Ila sisi tulikuwa tumechoka.

Februari 2019 mume wangu akapata kazi ya ufundi umeme kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Watu wengi wakisikia Arusha Chini hudhani ni Arusha kwenyewe. Sivyo, ni tambarare ya kusini mwa Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro, ambako mashamba ya miwa yanakwenda mpaka macho yachoke. Tukatafuta nyumba ya kupanga upande wa Pasua, mitaa ya chini ya mji, ili awe karibu na barabara ya kwenda kazini. Tukapata vyumba vitatu, sebule, uzio na geti la bati. Mtoto wa pili alikuwa na mwaka mmoja, nambeba mgongoni.

Kuhusu vitu kuwa karibu, niseme haraka maana ndiyo sehemu rahisi. Shule ya msingi dakika kumi kwa mwendo wa mtoto. Kituo cha afya dakika kumi na tano. Msikiti tunasikia adhana bila kufungua dirisha. Duka la dawa, wakala wa kutolea pesa, mashine ya kusaga, fundi cherehani, kinyozi, mama wa genge, vyote kabla hujafika kwenye lami. Bajaji ikija utafika katikati ya mji kwa nauli ndogo hata hujakaa ukatulia. Na maji ya Moshi nitayasifu mahali popote. Mengi yanatoka kwenye chemchemi za pembeni mwa mji, kama Nsere na Shiri, na mwezi wa saba ukifungua bomba asubuhi yanauma vidole kwa baridi. Mimi niliyekuwa napanga ndoo Kimara nikisubiri mgao, siku za mwanzo nilikuwa nafungua bomba na kuyatazama tu yanavyotoka.

Sokoni ndiko nilikoanza kuujua mji. Soko la Mbuyuni kwa nafaka na viazi, na pale Pasua penyewe kwa mboga za kila siku. Nilidhani najua ndizi, kumbe nilikuwa najua za kuiva tu. Hapa nilifundishwa na kina mama wanaoshuka na mikungu kutoka mlimani: mshare ndiyo ya mtori na ya kupika na nyama, mzuzu ni ya kukaanga na kuchoma, kimalindi waachie watoto wale mbivu. Mmoja alikataa kuniuzia mkungu niliouchagua. Alisema, "Huu si wa mtori, utakwenda kumlisha mzee wako kitu kigumu kisha utasema Wachaga tumekuuzia vibaya." Akanichagulia mwingine, wa bei ndogo zaidi. Na mchele sihitaji kuusafirisha kutoka kokote, maana Mabogini, hapo chini yetu, wanalima mpunga wa kumwagilia. Ubaya wa majaruba ni mbu. Anayehamia upande huu asije bila chandarua.

Duka la karibu nalo lilinipa somo la mwanzo. Dar sote tunamwita mwenye duka "Mangi", awe Mchaga asiwe Mchaga. Nami siku ya kwanza nikafika nikasema, "Mangi, nipe sukari kilo moja." Mzee akanipimia sukari taratibu, akaifunga, kisha akaniambia kwa upole kwamba mangi ni mtawala. Akanitajia Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, akaniuliza kama nadhani alikuwa anauza sukari. Hakukasirika, alitaka tu nijue. Tangu siku ile namwita baba, naye ananiita mama wa Tanga, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo.

Pamoja na hayo, nilifunga geti.

Nilifunga kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kule nilikotoka, geti lililo wazi ni mwaliko wa mwizi. Nikitoka nasalimia kwa haraka, nikirudi nasukuma komeo. Mtu akigonga nachungulia kwanza. Jirani akiniuliza, "Mama wa Tanga, leo unapika nini?" nilikuwa naona ananichunguza. Mume wangu akiwa zamu ya usiku, mimi na watoto tulikuwa tunajifungia saa kumi na mbili na nusu, na jioni ile ndefu nilikuwa nasikia watu wakizungumza barazani kwao, wakicheka, redio inaimba, nami niko ndani nahesabu masaa. Nilijiambia kwamba watu wa hapa hawana ukaribu na wageni. Leo naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyosema, hata kwa mama yangu kwenye simu.

Ikaja siku ya ugomvi. Ilikuwa Oktoba mwaka ule ule. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, yuko darasa la awali, anarudi saa sita na wenzake. Siku hiyo nilikuwa nafua uani. Nikasikia kilio, geti likagongwa kwa nguvu, nikafungua na povu mikononi. Nje amesimama bibi wa nyumba ya kona, mama mtu mzima anayekaribia miaka sabini, amemshika mwanangu mkono juu ya kiwiko. Mtoto analia kwa kwikwi na mkono wake mwingine una alama nyekundu.

"Huyu nimemchapa," bibi akasema kabla sijauliza. "Amekimbilia lami kufuata mpira, bodaboda imempita hapa." Akaonyesha kwa kiganja, karibu kabisa na kifua chake.

Kilichoniingia akilini ni neno "nimemchapa" tu. Yale mengine sikuyasikia. Nilimvuta mwanangu kwangu nikasema maneno ambayo sitayarudia yote hapa. Moja lilikuwa, "Mwanangu hana mama wa pili mtaa huu." Niliyasema kwa sauti ya kusikika, na fundi baiskeli alikuwa anasikia, na mama wa genge alikuwa anasikia. Bibi hakunijibu. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akapiga hatua moja nyuma, akageuka akaenda zake polepole, mkono mmoja kiunoni.

Jambo la kumchapa mtoto lina pande zake, na mpaka leo mimi sipendi mtoto wangu achapwe, na majirani zangu sasa wanalijua hilo na wanaliheshimu. Lakini usiku ule, watoto walipolala, nilianza kuwaza ile lami. Niliwaza mwendo wa bodaboda saa sita mchana. Nikawaza kwamba nilikuwa uani, na redio imewashwa, na mtoto alikuwa nje ya macho yangu, na aliyekuwa akimwona ni yule bibi peke yake. Angeweza kubaki kwenye kigoda chake. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Mume wangu aliporudi zamu saa moja asubuhi nilimweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Umemwambia hana mama wa pili. Sasa kesho akikimbilia lami tena, nani atanyanyuka?"

Mtaa haukunigombeza. Ulifanya kilicho kibaya zaidi: ulinitii. Wiki ile nzima watu walinisalimia kwa adabu na wakaishia hapo. Mama wa genge alinipimia nyanya bila kuongeza hata moja. Watoto wao walipita na wangu hadi getini, wakamwacha pale, hawakuingia.

Nilimwuliza mzee wa duka nifanye nini. Akaniambia kwamba kwao mlimani mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la sale, akamwendea nalo, na anayeombwa kwa sale si rahisi akatae. "Lakini wewe ni mtu wa Tanga," akasema, "nenda na cha kwenu." Basi nikaenda na cha kwetu. Niliamka alfajiri nikaroweka mchele, nikausaga na nazi na iliki, nikapika mkate wa kumimina kama mama yangu alivyonifundisha Muheza, moto juu moto chini, mpaka ukaumuka na harufu ikajaa nyumba. Nikauweka kwenye sahani ya bati yenye maua, nikaufunika kitambaa, nikamshika binti yangu mkono.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nilipiga goti, nikasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi." Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Marahaba. Hebu kaa, umenikingia jua." Nikakaa kwenye mkeka, nikavuta ungo tukaendelea kuchambua wote wawili. Baada ya muda akamwita binti yangu, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kuangalia kama pana alama, akauachia. Tulimaliza maharage. Siku ya pili sahani yangu ilirudi, imeoshwa, na juu yake maparachichi matatu. Kwetu Tanga ni hivyo hivyo, sahani ya jirani hairudi tupu, na nilipoyaona maparachichi yale nililia, peke yangu, jikoni.

Kuanzia hapo geti likawa linakaa wazi mchana.

Kilichofuata sikukipanga. Mtoto wa kiume alipokuwa na miaka miwili na nusu, masika, alipata homa kali usiku. Mume wangu yuko kazini. Saa nane usiku mtoto amekuwa moto, macho yanageuka, mvua inanyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Nilipiga simu moja tu, kwa bibi wa kona. Hata sijui kwa nini yeye. Haikupita robo saa, bajaji ikasimama getini. Dereva ni kijana wa nyumba ya nyuma ambaye nilikuwa nikimwona kila siku anaosha chombo chake. Bibi amekaa nyuma tayari, na blanketi. Mtaro ulikuwa umefurika, na kijana akashuka akatembea mbele na tochi ya simu kuona pa kupita. Pale kituoni walimpima kwa kipimo cha haraka, malaria, akaanzishiwa dawa. Palipokucha homa ikaanza kushuka. Kijana alikataa nauli. Alisema, "Mama, si utakuja kwenye harusi yangu?" Nilikwenda, na nilichanga.

Na hapa niwe mkweli kwa anayefikiria kuhamia mtaa wa namna hii. Kujuana kuna gharama, na gharama yenyewe ni ya fedha kabisa. Kuna kikundi cha kufa na kuzikana, ada kila mwezi, na mtu akifiwa tunaongeza. Kuna harusi na kitchen pati. Kuna kipaimara, ambacho huku ni sherehe kubwa. Mtoto akipata kipaimara wazazi wanaalika mtaa. Kuna ubatizo, kuna maulidi, kuna daftari linalozungushwa mtu akilazwa. Mwaka wa pili tulikaa na mume wangu tukaandika kila kitu, na tukaona tunatenga kiasi fulani cha mshahara kila mwezi kwa ajili ya watu, kama tunavyotenga kodi ya nyumba. Mwanzoni iliniuma. Kimara sikuwahi kumchangia jirani hata mara moja. Lakini Kimara, kama homa ile ingekuja saa nane usiku, ningeanza kwa kutafuta namba ya nani?

Gharama nyingine ni ya siri zako. Mtaa unajua lini umenunua nyama. Unajua mume wako amerudi saa ngapi. Nilipochelewesha kodi miezi miwili, mtu aliniuliza sokoni kama tumeshamalizana na mwenye nyumba. Nilichukia, na bado sipendi. Nimejifunza tu kusema, "Hilo tuliache, mama," kwa tabasamu, na watu wanaliacha. Na darasa la mwanangu lina watoto wengi kuliko ninavyopenda, mwalimu mmoja anawasahihisha daftari mpaka jioni. Tangu 2016 shule za msingi za serikali hazina ada na wazazi wameleta watoto, jambo jema, lakini nafasi haikuongezeka kwa kasi hiyo. Jioni nakaa naye mezani mwenyewe. Vijana nao wakimaliza kidato cha nne wengi wanatazama barabara ya Dar au Arusha, kwa sababu kazi hapa ni chache. Mtaa unaomfaa mtoto wa miaka saba haumtoshi sana kijana wa miaka ishirini.

Mwaka wa tatu mume wa yule bibi akafariki. Alikuwa mzee mpole ambaye nilimzoea kwa kikohozi chake cha asubuhi kuliko kwa maneno. Wachaga huzika nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, hata mtu awe ameishi mjini miaka hamsini. Kwa hiyo tulilala matanga Pasua siku mbili, wanawake tukipika, kisha tukapanda hiace tatu kwenda Kibosho. Njia ilipanda, hewa ikawa nyingine, migomba ikatubana huku na huku, na chini yake kahawa. Nikauona uzio wa mimea mirefu yenye majani kama mikuki umezunguka kiwanja. Mama wa genge alikuwa kaketi karibu nami, akaniambia, "Ndilo sale hilo." Nililitazama kwa muda mrefu.

Tulipofika, nilikuta jambo ambalo sijalisahau. Ng'ombe wa msiba alikuwa bado hajachinjwa. Walikuwa wanasubiri mtu mmoja kutoka msikiti wa mtaani kwetu, aliyekuwa kwenye hiace ya nyuma, ndiye achinje. Bibi mwenyewe, aliyefiwa, katikati ya kilio chake, alikuwa ameagiza hivyo tangu jana yake: kwamba wa Tanga na wenzake Waislamu wanakuja, na lazima wale. Baadaye nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kajitanda kanga nyeusi. Nilimshika mkono. Aliniuliza, "Umekula?"

Mambo mengine ni madogo lakini ndiyo yanayojaza siku. Mji wenyewe ni msafi na umejengewa sifa hiyo kwa miaka mingi, wiki ya kwanza nilitupa ganda la chungwa nikiwa natembea, na msichana wa shule, hana hata miaka kumi, akaliokota akanirudishia mkononi, "Mama umeangusha." Binti yangu leo anafanya hivyohivyo kwa wageni. Treni ya abiria iliyorudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kutokuwepo, watoto wangu walipelekwa kuiona kama wanapelekwa mbuga ya wanyama. Mama yangu alipokuja kututembelea aliwasimulia kwamba reli ile ndiyo iliyopita kwao Muheza, iliyoanzia Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na kwamba babu yao aliwahi kuisafiria akiwa na kuku wawili kwenye tenga. Wakamwomba arudie habari ya kuku mara tatu.

Desemba ni habari nyingine. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, magari yenye namba za kila aina yanajaa barabarani, ndizi na mbuzi vinapanda bei, na mtaa wetu unakuwa na watoto wa Dar wasiojua shikamoo mpaka siku ya tatu. Mimi siku hizo napika pilau mara mbili, maana hujui nani atapita. Idd napeleka mimi, Krismasi naletewa. Januari wanaondoka, na mtaa unarudi kuwa wetu.

Wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilikuwa narudi kutoka sokoni. Kwenye ukingo wa lami, mahali palepale, nikaona mtoto wa kama miaka minne amechuchumaa anaokota mawe, mgongo kwenye magari. Ni wa familia iliyohamia mwezi uliopita kutoka Mwanza, geti la kijani. Niliweka kikapu chini, nikamnyanyua, sikumchapa, nikambeba mpaka kwao huku anapiga mateke. Mama yake alifungua geti kidogo. Alimchukua mtoto. Alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. Nikamwambia mimi ni mama wa Tanga, nyumba ile yenye mwembe, na kwamba mtoto alikuwa barabarani. Akasema, "Ahsante," akasukuma komeo.

Asubuhi yake niliroweka mchele. Mkate ulipoiva nikamtuma mwanangu aupeleke, kwenye ile sahani ya bati yenye maua, ambayo sasa imechakaa ukingoni. Nilimsikiliza kutoka mlangoni. "Shikamoo babu." "Shikamoo bibi." Halafu bati la geti la kijani likalia, na sauti yake, "Shikamoo mama, mama amesema nikuletee." Sikusikia jibu. Alirudi mikono mitupu akasema yule mama alimuuliza jina lake na yuko darasa la ngapi.

Leo ni siku ya tatu. Sahani bado iko kwake, nami siidai.